Akaunti za hifadhidata: Nani aruhusiwe kuona nini katika faili za wagonjwa Meru na Embu

KABLA ya tarehe 15 ya kila mwezi, maafisa wa kumbukumbu za afya katika kaunti za Meru na Embu huwa na kazi isiyosubiri: kuingiza katika mfumo wa kitaifa hesabu za mwezi uliotangulia. Watoto waliochanjwa, akina mama waliojifungua, wagonjwa waliotibiwa na kurudi nyumbani, wote hujumlishwa kutoka kwenye madaftari ya vituo, kuanzia hospitali kuu za miji ya Meru na Embu hadi zahanati za Igembe na Mbeere, kisha jumla hizo huandikwa kwenye tarakilishi.

Mlango ambao afisa huyo hupitia ni ukurasa mdogo wenye nafasi mbili, moja ya jina la mtumiaji na nyingine ya nywila. Nyuma ya nafasi hizo mna maamuzi mengi yaliyofanywa siku akaunti yake ilipofunguliwa: mwenye akaunti ni nani, anaruhusiwa kufanya nini, katika kituo kipi, na mfumo utamtambua kwa njia gani. Maamuzi hayo yakifanywa kiholela, siri ya mgonjwa huanikwa, hesabu huchezewa na mfanyakazi asiye na hatia huweza kubebeshwa kosa la mwenzake.

Mambo hayo mara nyingi huachiwa fundi wa tarakilishi, kana kwamba ni ya nyaya na mitambo. Ukweli ni kwamba ni ya utawala, na kila mkuu wa kituo, mwenyekiti wa chama cha ushirika au msimamizi wa shule anafaa kuyaelewa.

Mifumo miwili, siri mbili

Mfumo wa kitaifa wa hesabu za afya umejengwa juu ya programu iitwayo DHIS2, ambayo chimbuko lake ni mradi ulioanza nchini Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na kuendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kenya iliusambaza kote nchini mwaka wa 2011, ikawa miongoni mwa mataifa ya kwanza barani Afrika kuendesha mfumo wa aina hiyo kupitia intaneti kwa nchi nzima.

Miaka miwili baadaye, mnamo 2013, huduma nyingi za afya zilihamishiwa serikali za kaunti. Hapo ndipo palipozuka jambo ambalo wengi hawakulitilia maanani. Mfumo ulibaki mmoja wa kitaifa, ilhali wanaoutumia wakawa waajiriwa wa kaunti. Kaunti ya Embu inapomhamisha afisa kutoka Kiritiri hadi Runyenjes, barua ya uhamisho humfikia yeye na mkuu wake mpya. Mfumo haupati barua. Akaunti yake huendelea kumtambua kama mtu wa Kiritiri hadi msimamizi wa mfumo atakapoambiwa abadilishe.

DHIS2, kwa hesabu hizi za kila mwezi, hubeba jumla tu. Huwezi kuufungua ukaona kwamba fulani wa kijiji fulani alipimwa akapatikana na ugonjwa fulani. Utaona kwamba watu kadhaa walipimwa. Mfumo wa pili ni wa aina nyingine kabisa. KenyaEMR, uliotokana na programu ya OpenMRS na unaotumika zaidi katika kliniki za wanaoishi na virusi vya HIV, hubeba faili ya kila mgonjwa: jina, nambari ya simu, matokeo ya maabara, dawa anazotumia na tarehe ya kurudi.

Hitilafu katika mfumo wa kwanza huharibu takwimu, na takwimu zikiharibika, dawa na chanjo huagizwa kwa kiasi kisichofaa. Hitilafu katika mfumo wa pili huweza kuvunja ndoa. Katika miji midogo na masoko ya Meru na Embu, karani wa kliniki na mgonjwa aghalabu husali kanisa moja, watoto wao husoma shule moja na mashamba yao hupakana. Mgonjwa hamwogopi mdukuzi wa ng'ambo ambaye hatamjua maishani. Anamwogopa jirani yake aliyeketi mbele ya tarakilishi. Baadhi huamua kusafiri mbali kuchukua dawa kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana swali la nani anaona nini lina uzito kuliko swali la ukuta wa kuzuia wavamizi.

Mlango wa mbele na mlango wa nyuma

Hifadhidata ni ghala la taarifa zilizopangwa katika majedwali, ili ziweze kutafutwa, kulinganishwa na kujumlishwa kwa haraka. Ghala hilo huwa na milango miwili, na makosa mengi hutokana na kuusahau mmoja wao.

Mlango wa mbele ni ule wa programu anayoiona mtumiaji. Kila karani, muuguzi na tabibu ana akaunti yake humo, na programu ndiyo inayoamua aone nini. Mlango wa nyuma ni wa hifadhidata yenyewe. DHIS2 huhifadhi taarifa zake katika PostgreSQL, nayo KenyaEMR hutumia MySQL. Programu hizo za mbele huingia ghalani kwa akaunti zao maalumu, na hifadhidata haijui kama aliyetuma ombi ni daktari au karani. Inachokiona ni akaunti moja ya programu.

Maana yake ni kwamba mtu aliyeshika nywila ya mlango wa nyuma hukwepa masharti yote ya mlango wa mbele. Anaweza kusoma jedwali zima la wagonjwa bila jina lake kuonekana popote katika kumbukumbu za programu. Nywila hiyo mara nyingi huwa imeandikwa katika faili moja ndani ya seva, na seva yenyewe huenda iko kwenye chumba cha kituo ambacho kufuli lake lina funguo nne. Nakala za akiba nazo ni mlango wa nyuma uliofunguliwa tayari iwapo zimewekwa kwenye kidude cha kuhifadhia data kinachoning'inia shingoni mwa mtu bila kufungwa kwa msimbo.

Cheo si akaunti

Wataalamu wawili wa taasisi ya viwango ya Marekani, David Ferraiolo na Richard Kuhn, walichapisha mwaka wa 1992 maelezo ya utaratibu ambao sasa umeenea duniani, ukafanywa kiwango rasmi nchini humo mwaka wa 2004. Wazo lenyewe ni jepesi: idhini isikabidhiwe mtu, ikabidhiwe jukumu, kisha mtu apewe jukumu linalolingana na kazi yake. Akibadilisha kazi, huvuliwa jukumu moja na kuvikwa jingine, bila kulazimika kupekua idhini mojamoja alizorundikiwa kwa miaka mingi.

Kwa wenyeji wa Meru jambo hili si geni. Baraza la Njuri Ncheke, lenye makao yake ya jadi huko Nchiru, lina ngazi zake, na mamlaka ya mzee hutokana na ngazi aliyofikia. Tarakilishi imekuja tu kuliandika jambo hilo kwa lugha yake.

Katika hospitali, mgawanyo unaofaa huanzia kwenye kazi halisi, si kwenye chati ya vyeo. Karani wa mapokezi anahitaji kumsajili mgonjwa na kutafuta faili kwa jina au nambari. Hahitaji kusoma matokeo ya maabara. Mhudumu wa maabara anahitaji kuona kipimo kilichoagizwa na kuandika matokeo. Hana haja ya maelezo ya mazungumzo ya mgonjwa na mshauri. Mfamasia anahitaji kuona dawa zilizoandikwa na mizio ya mgonjwa. Tabibu anahitaji karibu faili yote ya mgonjwa aliye mbele yake. Afisa wa kumbukumbu anahitaji kutoa ripoti, na kwa ripoti nyingi jumla zinatosha.

Hapa pana kishawishi ambacho kila msimamizi wa mifumo anakijua. Mkubwa wa ofisi akifunguliwa akaunti, hudhani heshima yake inadai apewe uwezo wote, hata wa kufuta. Fundi naye, kwa hofu au kwa adabu, humpa. Matokeo yake ni kwamba akaunti yenye nguvu kuliko zote humilikiwa na mtu anayeingia mara mbili kwa mwaka, asiyekumbuka nywila yake na anayeituma kwa msaidizi wake kwa ujumbe wa simu. Msimamizi mkuu wa hospitali anahitaji kuona ripoti zote. Kuona si kubadilisha, na wala hakuhitaji uwezo wa kuwafungulia wengine akaunti.

DHIS2 imeweka kizuizi kimoja cha busara dhidi ya hali hiyo: msimamizi wa ngazi ya chini hawezi kumpa mwingine jukumu lenye idhini ambazo yeye mwenyewe hana. Msimamizi wa kaunti ndogo hawezi, kwa ukarimu au kwa hongo, kumtengeneza mtu mwenye nguvu kumzidi.

Jukumu peke yake halitoshi. Katika mfumo huo kila akaunti hufungwa pia kwenye mahali. Afisa huwekewa vituo anavyoruhusiwa kuingizia data na, kwa orodha tofauti, maeneo anayoruhusiwa kuyatazama. Afisa wa kaunti ndogo ya Mbeere Kusini anaweza kutazama hesabu za eneo zima ili alinganishe vituo, huku uwezo wake wa kuandika ukiishia katika vituo alivyokabidhiwa. Anayeandikia Imenti Kaskazini hana sababu ya kugusa tarakimu za Tigania Magharibi. Kosa la kawaida ni kumwekea mtu kaunti nzima ili asisumbue tena. Siku atakapochagua kituo kisicho chake kwa kuteleza kwa kidole, tarakimu za zahanati mbili zitachanganyika na hakuna atakayejua hadi dawa zitakapopungua.

Mizani ya kahawa

Mfano ulio wazi zaidi huenda uko nje ya hospitali. Mkulima wa kahawa hupeleka matunda yake kwenye kiwanda cha chama cha ushirika, yakapimwa, na kilo zake zikaandikwa. Malipo yake huja baada ya miezi mingi, yakitegemea tarakimu iliyoandikwa siku hiyo. Palipo na hifadhidata badala ya daftari, swali la mkulima ni lile lile la zamani: nani anaweza kuibadilisha tarakimu hiyo mimi nikiwa nimelala?

Lugha ya SQL, inayotumiwa na hifadhidata nyingi, hutenganisha uwezo wa kusoma, wa kuongeza mstari mpya, wa kubadilisha mstari uliopo na wa kufuta. Karani wa mizani apewe uwezo wa kusoma na kuongeza tu. Akikosea akaandika kilo 54 badala ya 45, asirudi kufuta. Aandike mstari wa pili wa kusahihisha, nao uidhinishwe na mtu mwingine mwenye jukumu la kuidhinisha. Mistari yote miwili hubaki, pamoja na majina na saa.

Anayeandika asiwe anayeidhinisha. Kanuni hiyo ilikuwapo katika uhasibu kabla ya tarakilishi kuvumbuliwa, na vyama vya akiba na mikopo huifuata kwa hundi na mikopo. Inachoweza kufanya hifadhidata ni kuitekeleza bila kuchoka wala kubembelezwa. Hata hivyo, huvunjika mara moja iwapo mtu mmoja anajua nywila mbili.

Namna akaunti inavyoundwa

Katika PostgreSQL, tangu toleo la 8.1 la mwaka wa 2005, mtumiaji na kundi vimekuwa kitu cha aina moja, nacho ni jukumu. Jukumu lililopewa uwezo wa kuingia huwa ndilo akaunti ya mtu. Lisilopewa hubaki kuwa kofia ambayo watu wengi wanaweza kuivaa.

Msimamizi makini huanza na kofia. Kwa amri ya CREATE ROLE huunda jukumu, kwa mfano la karani wa mizani, bila uwezo wa kuingia. Kisha kwa amri ya GRANT hulipa jukumu hilo idhini kwenye majedwali husika, na si zaidi. Baadaye humwundia kila karani akaunti yake kwa jina lake, yenye uwezo wa kuingia na nywila, ndipo humvika jukumu lile. Makarani wakiwa kumi, idhini zimeandikwa mara moja tu. Mmoja akiondoka, amri ya REVOKE humvua kofia bila kuwagusa wenzake tisa.

PostgreSQL pia huruhusu nywila kupewa tarehe ya mwisho. Hilo lafaa sana kwa wanafunzi wa Chuo cha Mafunzo ya Utabibu (KMTC), chenye mabewa Meru na Embu, wanaokuja kwa mafunzo ya nyanjani kwa majuma machache. Tahadhari ni kwamba tarehe hiyo huiua nywila tu. Ikiwa akaunti inaweza kutambuliwa kwa njia nyingine, itaendelea kuingia.

Njia za utambulisho huandikwa katika faili iitwayo pg_hba.conf. Kila mstari wake husema nani, kutoka tarakilishi ipi, kwenda hifadhidata ipi, atambuliwe vipi. Mfumo huusoma kuanzia juu, na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua. Iliyo chini haisomwi tena. Fundi aliyeweka juu mstari wa kuamini kila anayekuja bila nywila, labda ili afanye jaribio la dakika tano, amezifuta sheria zote zilizofuata hata kama ziko pale na zinasomeka vizuri. Ni sawa na kuajiri bawabu hodari na kumweka nyuma ya mlango uliokwisha kufunguliwa.

MySQL ina tabia zake. Humo akaunti ni jina pamoja na mahali mtu anakotoka, hivyo jina moja likiingia kutoka kwenye seva yenyewe na kutoka tarakilishi ya chumba cha pili linaweza kuwa akaunti mbili zenye nywila na idhini tofauti. Majukumu yaliingizwa katika toleo la 8.0 mwaka wa 2018, na kwa kawaida jukumu alilopewa mtu hulala hadi liamshwe au lifanywe la kudumu. Wasimamizi wengi wamehangaika asubuhi nzima wakijiuliza kwa nini karani waliyempa idhini anakataliwa.

Programu nyingi zikisakinishwa, huja na akaunti ya kwanza ya msimamizi, na nywila yake mara nyingi huchapishwa katika maelezo yanayosomwa na ulimwengu mzima. Kazi ya kwanza ni kuibadilisha. Ulimwengu ulijionea gharama ya uzembe wa namna hii Januari 2017, wakati maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi kwenye intaneti bila kudai utambulisho wowote zilifutwa na watu waliowaachia wenyewe ujumbe wa kudai fidia. Hakuna kufuli lililovunjwa, kwa kuwa halikuwapo.

Nywila ya watu saba

Mfumo mzuri hauhifadhi nywila yenyewe. Huhifadhi matokeo ya hesabu maalumu isiyoweza kurudishwa nyuma kwa urahisi, iliyochanganywa na herufi za kubahatisha ili watu wawili wenye nywila moja wasionekane kufanana. PostgreSQL iliongeza mwaka wa 2017 njia iitwayo SCRAM, ambayo humwezesha mtumiaji kuthibitisha kwamba anaijua nywila bila kuituma yenyewe kwenye waya. Msimamizi anayeweza kukutajia nywila yako ya zamani ulipoisahau amekujulisha, bila kukusudia, kwamba mfumo wake ni mbovu. Anachostahili kuweza ni kukupa mpya ya muda, utakayolazimika kuibadilisha ukiingia.

Kwa miaka mingi maofisi yaliwalazimisha watu kubadilisha nywila kila baada ya siku 30 au 90. Taasisi ya viwango ya Marekani iliachana na ushauri huo mwaka wa 2017, ikapendekeza nywila ndefu zisizo katika orodha za zile zinazojulikana na wezi, zibadilishwe panapokuwa na dalili ya kuvuja. Sababu inaeleweka na yeyote aliyefanya kazi ofisini: anayelazimishwa kubadilisha kila mwezi huongeza tarakimu moja mwishoni, au huiandika kwenye karatasi na kuibandika chini ya kibodi.

Hatua ya pili ya uthibitisho, kama vile nambari ya muda inayotolewa na programu ya simu, hupunguza hatari sana, na DHIS2 inayo. Programu hizo hutoa nambari hata mahali pasipo na mtandao, tofauti na ujumbe mfupi wa simu ambao katika mabonde ya Mbeere au Tharaka huweza kufika mgonjwa akiwa ameshaondoka. Alama za vidole nazo husifiwa mno. Zina faida zake, lakini nywila ikivuja hubadilishwa, ilhali kidole hakibadilishwi.

Yote hayo huwa bure mahali ambapo wadi nzima hutumia akaunti moja. Si jambo la kustaajabisha. Tarakilishi ni moja, wauguzi ni saba, foleni ni ndefu, umeme umepotea mara mbili tangu asubuhi, na kila kuingia upya huchukua dakika ambazo mama mwenye mtoto mgonjwa hawezi kuzisubiri. Muuguzi mpya aliripoti wiki tatu zilizopita na ombi lake la akaunti bado halijajibiwa. Mwenzake humpa nywila yake kwa moyo safi, na kuanzia siku hiyo mfumo haujui tena nani alifanya nini.

Kuwakemea wauguzi hakutoshi. Wenye mfumo ndio waliowasukuma huko. Akaunti ya mfanyakazi mpya inafaa kuandaliwa barua ya kumwajiri inapoandikwa, ili aikute siku ya kwanza. Kuingia na kutoka kufanywe kwepesi, na skrini ijifunge yenyewe baada ya dakika chache za kutoguswa, ila si chache mno kiasi cha kuwakera watu wakatafuta hila ya kuizuia. Pale ambapo kweli watu hushika tarakilishi moja kwa zamu, nambari fupi ya siri ya kila mtu ni afadhali kuliko nywila ndefu ya watu wote.

Anayepoteza zaidi katika mtindo huu ni yule aliyetoa nywila yake kwa wema. Faili ya mgonjwa ikifunguliwa saa nane usiku na habari zake zikasikika sokoni kesho yake, kumbukumbu za mfumo zitataja jina moja. Atasema alikuwa nyumbani, na huenda ni kweli, lakini shahidi pekee aliyekuwapo ni tarakilishi, nayo imeshamtaja.

Wakenya waliusikia mjadala wa aina hiyo mwaka wa 2015, wakati wa kashfa ya Sh791 milioni katika Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), ambapo ilidaiwa kwamba nywila za mfumo wa malipo ya serikali, IFMIS, zilitumiwa na watu wasio wenyewe. Suala la nani hasa alikuwa mbele ya tarakilishi likawa sehemu ya utetezi na sehemu ya tuhuma kwa wakati mmoja. Serikali za kaunti, zikiwemo za Meru na Embu, hulipa wanakandarasi na wafanyakazi kupitia mfumo huo huo.

Sheria haikunyamaza

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka wa 2018 inamfanya anayetoa nywila kwa makusudi bila mamlaka kuwa mkosaji, naye akipatikana na hatia aweza kutozwa faini isiyozidi Sh5 milioni, kufungwa jela kwa muda usiozidi miaka mitatu, au adhabu zote mbili. Wanaobadilishana nywila wadini hufanya hivyo bila hata kujua kwamba kipengele hicho kipo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 huziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti. Data ikivuja na kukawa na hatari ya kweli kwa mhusika, aliyekuwa akiitunza hutakiwa kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 tangu kujua. Hospitali ambayo akaunti zake hazina majina ya watu itawezaje kujua, katika saa hizo 72, ni nini kilichovuja na kupitia kwa nani? Kuhusu virusi vya HIV, sheria ya mwaka wa 2006 ilikwisha kukataza kufichua hali ya mtu bila idhini, isipokuwa katika mazingira machache iliyoyataja.

Akaunti zisizo na watu

Kufungua akaunti huwa na mwombaji anayebisha hodi kila siku. Kuifunga hakuna anayekuombea. Aliyestaafu hakumbuki, aliyehamia kaunti nyingine ana mambo yake, na mwanafunzi wa mafunzo ya nyanjani amesharudi bweni. Akaunti zao hubaki hai, na nywila zao zinajulikana na angalau mtu mmoja aliyebaki.

Akaunti hizo zisifutwe. Mistari waliyoiandika bado imo katika hifadhidata ikirejelea majina yao, na ukilifuta jina umeipoteza historia. Hufungwa zisiweze kuingia, huvuliwa majukumu, na jina hubaki kama sahihi kwenye daftari la zamani. MySQL ina amri ya kufunga akaunti bila kuifuta. Katika PostgreSQL hunyang'anywa uwezo wa kuingia. Katika DHIS2 msimamizi huizima kwa kubonyeza mara moja.

Akaunti ya msimamizi mkuu ndiyo ya kuchungwa kuliko zote. Asiitumie kwa kazi za kila siku. Awe na akaunti ya kawaida kwa hizo. Na kwa kuwa msimamizi naye huugua, husafiri na hufa, nywila ya dharura huwekwa katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri ndani ya kabati la chuma, ikafunguliwa mbele ya watu wawili na kubadilishwa baada ya kutumiwa.

Mara moja kila robo ya mwaka, orodha ya akaunti zote huchapishwa na kuwekwa mezani kando ya orodha ya malipo ya wafanyakazi, kituo kwa kituo. Kazi hiyo haihitaji fundi. Karani wa ofisi ya wafanyakazi mwenye rula na kalamu nyekundu anaiweza kwa asubuhi moja. Jina lililo kwenye orodha ya kwanza na lisilo kwenye ya pili huulizwa mkuu wa kituo. Asipopatikana mwenyewe, akaunti hufungwa siku hiyo hiyo.